Upepo wa Kusi Haufiki Khuwair: Kupanga Safari ya Bao na Tiara Kutoka Maskati

Kila mwenye ndugu Khuwair ya Kusini anaujua mwezi wa Julai. Baina ya barabara kuu ya Sultan Qaboos na milima ya mawe iliyo nyuma ya nyumba, joto la mchana hupita nyuzi 40, na usiku majabali hurudisha moto yalioukusanya kutwa. Huo ndio wakati vijana wetu wanaosoma Uingereza, Uholanzi, Malaysia na kwingineko wanaporudi likizo. Wanafika na mabegi, wanamwamkia bibi, wanakula, kisha kila mmoja anajifungia chumbani na kiyoyozi na simu yake. Wiki tatu zinakwisha hivyo. Wakisharudi vyuoni, bibi huuliza kama kweli walikuja.

Mwaka huu vijana wawili wa nyumbani kwetu wamekuja na jambo jipya. Mmoja amejifunza Uholanzi kuteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, mchezo ambao wenyewe wanauita kaiti. Mwenzake anacheza windisafu, yaani ubao wenye tanga lake. Wanataka upepo. Wakatoka jioni mpaka ufukwe wa Qurum wakarudi wamenuna: bahari imelala kama mafuta ndani ya sufuria. Basi tukakaa kupanga safari, na yaliyotokana na mpango huo nayaandika hapa, maana najua nyumba nyingi zina vijana wa namna hii.

Upepo uko wapi?

Wazee wetu hawakuhitaji programu ya simu kulijibu hili. Mwaka una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na ndio ulioyaleta majahazi ya Sur na Maskati hadi Unguja na Mombasa. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, na mwanzoni na mwishoni mwa msimu wake ndio ulioyarudisha. Katikati ya kusi, mwezi wa Julai, manahodha walikaa bandarini, kwa kuwa bahari ilikuwa imechafuka kupita kiasi.

Upepo huo ni uleule mmoja. Unapita Paje na Makunduchi ukitokea kusini mashariki, unavuka ikweta, unageuka, kisha unapanda kwa nguvu kando ya Somalia na kuingia bahari ya Arabuni ukitokea kusini magharibi. Waomani wanauita kharif. Ndio unaoifanya Salala iwe ya kijani. Lakini ukifika Ras al-Hadd, pwani inakunja kona kuelekea Maskati, na Maskati inabaki imejificha nyuma ya kona hiyo na nyuma ya milima ya Hajar. Ndiyo sababu upepo wa kusi haufiki Khuwair. Anayeutaka lazima aufuate.

Swali la bibi

Kijana wa kaiti alitaka twende moja kwa moja Masira, siku ya pili tu baada ya kutua. Bibi, ambaye baba yake alikuwa nahodha Unguja, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja: "Mjukuu wangu, ukianguka, upepo unakupeleka wapi?"

Kijana akaanza kueleza habari za kamba za usalama. Bibi akarudia swali lake vilevile. Wala halikuwa swali la mtu anayeogopa maji. Ni swali la kwanza la kila baharia, na mwalimu mzuri wa kaiti hulianza somo lake na hilohilo. Upepo ukitoka baharini kuja nchi kavu, ukianguka unarudishwa ufukweni. Ukipita sambamba na pwani, unasukumwa mbele lakini unaweza kutoka. Ukitoka nchi kavu kwenda baharini, tiara ikikatika au tanga likivunjika, unapelekwa mbali na hakuna wa kukuona.

Swali hili linazifungua ramani zote. Maskati wakati wa joto hupata siku nyingine upepo mkali wa magharibi, gharbi, unaoshuka kutoka jangwani. Unavutia kwa nguvu zake, lakini unatoka nchi kavu, na pwani ya Maskati inatazama kaskazini. Siku ya gharbi vifaa vibaki ndani ya gari. Upepo wa asubuhi na mapema pia mara nyingi hutoka bara; wazee wanauita umande. Ule unaofaa Maskati ni upepo wa alasiri unaotoka baharini. Si mkubwa, lakini unamtosha anayeanza windisafu kwa ubao mpana na tanga dogo. Kwa kaiti, tafuta ufukwe ulio wazi usio na nyaya za umeme wala watu wengi, na usirushe tiara karibu na uwanja wa ndege. Fukwe za Azaiba na Sib ziko jirani mno na uwanja huo.

Ashkhara au Masira?

Kwa upepo wa kusi wenyewe, kutoka Khuwair kuna njia mbili.

Ya kwanza ni Ashkhara, mji wa wavuvi ulio katika wilaya ya Jaalan Bani Bu Ali. Ni zaidi ya kilomita 300, barabara ya lami mwanzo mwisho, ukipitia Bidbid, Ibra, Bidiya na Kamil. Familia nyingi za Kiomani hukimbilia huko Julai na Agosti kwa ajili ya baridi, kwani upepo wa kusi husukuma maji ya juu na kuyapandisha maji baridi ya chini, na pwani nzima inapoa. Siku ambayo Maskati ina nyuzi 43, Ashkhara mtu anaweza kukaa nje na shali. Ila bahari yake ina mawimbi makubwa na mikondo. Ni mahali pa aliyekwisha kuiva, si pa anayejifunza, na watoto wasiogelee humo wakati wa kusi hata kwa dakika tano.

Ya pili ni kisiwa cha Masira. Unaendesha zaidi ya kilomita 400 kupitia Sinaw na Mahut mpaka bandari ya Shanna, unapakia gari kwenye feri, unashuka Hilf. Upande wa magharibi, sehemu za Sur Masira, kuna maji mapana ya kina kifupi yasiyo na mawimbi, na upepo wa kusi hapo hukaa siku nyingi mfululizo kwenye noti 20 hadi 30, yaani kama kilomita 37 hadi 55 kwa saa. Wachezaji wa kaiti hutoka Ulaya kwa ajili yake. Ni upepo wa nguvu: mtu wa kilo 75 anayetumia tiara ya mita za mraba 12 kwenye noti 15, huku atahitaji ya 7 au 9. Kijana anayekuja na tiara moja tu kubwa aliyoizoea Ulaya atakaa ufukweni akitazama wenzake.

Jifunze kabla ya kusafiri

Kaiti haijifunzwi kwa video wala kwa kufundishwa na binamu. Anayeanza anahitaji takriban saa 9 hadi 12 za mafunzo, siku tatu au nne, na mwalimu mwenye cheti. Mwanafunzi aliyeko Ulaya amalize masomo hayo huko kabla ya likizo. Aliyeko Dar au Zanzibar ana Paje, yenye miamba inayokata mawimbi na upepo misimu yote miwili. Aangalie tu kupwa kwa maji, na aheshimu mashamba ya mwani ya kina mama. Vigingi vile ni riziki ya watu.

Vifaa vya kila mtu: kofia ngumu, jaketi la kuelea, kisu cha kukatia kamba, filimbi, na nguo ya mpira, maana maji ya Masira wakati wa kusi ni baridi kuliko mnavyodhani. Kabla ya kununua tiketi, ulizeni shirika la ndege uzito na urefu wa begi la ubao wanaoukubali. Gharama hiyo ikijulikana uwanjani huharibu bajeti yote.

Mpango wenyewe

Mwezi wa Aprili, pangeni tarehe kwa simu, kila mtu akiwa kwao. Mei, kateni feri na nyumba ya kupanga. Epukeni Alhamisi jioni na siku za Idi, kwa kuwa wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi na barabara hujaa. Tokeni Jumapili alfajiri. Wekeni siku moja ya akiba kwa ajili ya feri, kwani upepo mnaoufuata ndio huohuo unaoweza kuizuia.

Mwezi wa Juni mwanzoni na kuanzia Oktoba, sikilizeni taarifa za hali ya hewa. Kimbunga cha Gonu kilipiga Juni 2007, na Shaheen kiliingia pwani ya Batina Oktoba 2021. Onyo likitolewa, safari imekwisha, hata kama pesa zimelipwa.

Ufukweni, asiingie mtu majini peke yake. Mmoja abaki nchi kavu na simu yenye chaji, namba ya dharura ya polisi ikiwa ni 9999, na darubini. Kazi hiyo msimpe mtoto.

Wasioingia majini nao wana safari yao. Sur kuna Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa hapo mwaka 1951, na bibi anaweza kuwaonyesha wajukuu omo na tezi kwa kidole. Ras al-Jinz kuna kasa wanaopanda usiku kutaga. Masira kwenyewe ni moja ya sehemu kubwa duniani za kutagia kasa, kwa hiyo gari lisipite juu ya mchanga wa fukwe zao.

Nyumbani kwetu makubaliano yalikuwa haya: siku mbili za kwanza Ashkhara, vijana wakae wayatazame mawimbi bila kuingia, bibi apumue; kisha Masira kwenye maji ya kina kifupi, siku nne. Na kila asubuhi, kabla tiara haijajazwa upepo, kijana anasimama mbele ya bibi, anarusha mchanga hewani, anautazama unakoelekea, kisha anajibu lile swali. Jibu likiwa "baharini", siku hiyo ni ya chai na mkate wa ufuta. Kijana alilalamika kidogo, lakini alikubali, na nadhani alikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza bibi alikuwa anamwuliza kitu ambacho wote wawili wanakijua.