Mwezi Upatwapo, Twende Wapi Kuutazama?

Twajua ya kuwa katika nyumba nyingine, mwezi ukipatwa, milango hufungwa, na mama mwenye mimba hukatazwa kutoka nje. Wazee wa zamani walisema joka limeumeza mwezi, wakapiga ngoma ili liutapike. Hatuwacheki wazee wetu. Lakini yafaa watoto waone kwa macho yao lililo kweli.

Dunia hupita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake huuangukia mwezi. Nao hauzimiki kabisa, bali huwa mwekundu kama shaba, kwa kuwa mwanga kidogo wa jua hupinda katika hewa ya dunia na kuufikia. Kuutazama hakudhuru macho wala mimba. Jua lipatwapo ndilo lisilotazamwa kwa macho matupu.

Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, tulikuwa Bagamoyo, ambako pwani yaelekea mashariki na bahari i wazi mbele ya macho. Mwezi ulianza kuliwa saa 1.27 usiku, ukafunikwa wote tangu saa 2.30 hata saa 3.52. Bibi mmoja wa jamaa yetu alishikwa na hofu. Tukamwonyesha saa, tukamtajia dakika ambayo mwanga utarudi. Nao ukarudi dakika ile ile. Bibi akasema, "Joka gani hili lijualo saa?" Akacheka, akamwita mke wa mjukuu wake, mwenye mimba, aliyekuwa amefichwa ndani, aje atazame.

Mwezi wote utapatwa tena kwetu tarehe 31 Desemba 2028, nayo ni Jumapili, mkesha wa Mwaka Mpya. Katika pwani ya Tanzania na Kenya utachomoza jua lichwapo, hali umekwisha liwa upande. Utafunikwa wote tangu yapata saa 1.16 hata saa 2.28 usiku, na kivuli kitauacha yapata saa 3.36. Basi tafuteni mahali palipo wazi upande wa kaskazini-mashariki: ufuko, kilima, au kiwanja cha shule. Hamhitaji chombo cho chote. Mawingu yakiuficha, ngojeni kwa saburi.

Nanyi walimu, andikeni saa hizo ubaoni mapema, watoto wazihakikishe wenyewe. Kisha jamaa zote waingie kanisani kukesha, mama wenye mimba pamoja nao, wakimsifu Yeye aliyeupa mwezi njia yake, nao hauiachi.