Vyungu Vidogo vya Sanga

Wengi wenu hupita mbele ya Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi bila kuingia. Mnaijua kama nyumba iliyo karibu na jengo la 30 Juni, basi. Mwaka huu niliwasindikiza vijana kumi na wanne wa parokia yetu kwenda kutazama kazi za udongo za watu wa kale wa Katanga, na tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana juu ya vyungu, hasa vyungu vya Sanga.

Sanga ni mahali kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba, karibu na Kinkondja, katika jimbo ambalo sasa linaitwa Haut-Lomami. Mwaka 1957 mtaalamu wa Kibelgiji, Jacques Nenquin, alichimbua huko makaburi ya kale. Mwaka uliofuata kazi iliendelezwa na Jean Hiernaux, na mwaka 1974 Pierre de Maret akarudi Sanga, kisha akachimba na sehemu nyingine za bonde hilo, kama Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba Nkulu. Walivyovikuta vilionyesha kwamba watu wameishi, wamevua samaki na kuzika wafu wao kando ya maziwa hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Vyungu vilivyo vizuri kupita vyote ni vya karne ya 11 hadi ya 13 hivi. Zamani hizo hakukuwa na mji hapa tunapokaa, wala kampuni ya migodi, wala barua yoyote iliyoandikwa juu yetu. Tunachojua juu ya watu wale tumekisoma katika udongo.

Uzuri wa vyungu hivyo si wa kujionyesha. Kuta zake ni nyembamba, matako yake ni ya mviringo, na karibu na mdomo kuna michirizi iliyochorwa kwa mkono usiotetemeka. Vingine vina mikono ya kushikia, vingine vina mdomo wa kumiminia kama birika. Na vyote vilifinyangwa bila gurudumu. Nalitaja jambo hili kwa sababu kila tunapohubiriwa juu ya mfinyanzi wa nabii Yeremia, tunaambiwa habari za gurudumu linalozunguka, nasi tunaitikia kana kwamba ndivyo bibi zetu walivyofanya. Mfinyanzi wa kwetu hazungushi chombo. Huviringisha udongo kama kamba, huupandisha duara juu ya duara, huukwangua kwa kipande cha kibuyu, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayekizunguka chungu, ameinama. Asiyeinama hafinyangi.

Kimoja kiliwachekesha vijana. Ni chombo cha kutilia makala ya moto, chenye nguzo tatu zilizoinuka ukingoni ili chungu kikae juu yake. Msichana mmoja alipokiona akasema kwa sauti: «Mbabula!» Hakukosea. Wavuvi wa Kisale walipikia kwa vyombo vya namna hiyo ndani ya mitumbwi yao, na vimeendelea kutumiwa huko hata nyakati zetu. Mbabula zetu za bati ni wajukuu wao, ingawa ni wajukuu wasio na sura nzuri.

Halafu tukafika kwenye vyungu vidogo. Kijana mmoja aliuliza kama vilikuwa vya watoto kuchezea. Swali lilikuwa la haki, kwa maana kiganja cha mtu mzima kingetosha kukibeba kimoja. Lakini wachimbaji waliona jambo jingine: katika makaburi yale, ukubwa wa vyungu hufuatana na umri wa marehemu. Mtu mzima aliwekewa vyungu vikubwa, mtoto vidogo. Tena vingi havina dalili ya kuwahi kutumiwa jikoni. Vilifinyangwa kwa ajili ya kaburi.

Hebu mfikiri maana yake kwa upande wa kazi. Udongo mbichi hauchomwi siku ileile. Ni lazima ukauke kivulini, polepole, usije ukapasuka. Kwa hiyo, ama mazishi yalingoja, ama mfinyanzi alikuwa na vyungu vya kadiri ya watoto vilivyokwisha kuwa tayari nyumbani mwake, kwa sababu watoto walikufa mara nyingi. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni zito zaidi. Katika yote mawili kuna mtu aliyekaa chini na kumpimia mtoto chombo chake.

Mwenzetu mmoja hakupendezwa. Alisema hayo ni mambo ya upagani, eti wafu hawali. Kweli, hawali, nasi hatuweki chakula makaburini. Lakini sikubali kwamba neno «upagani» linatosha kumaliza habari ya mwanamke aliyechora michirizi juu ya chungu ambacho hakuna mtu angekiona tena. Mwingine aliuliza swali lililo gumu zaidi: je, ni halali kuyafungua makaburi na kuweka vitu vya wafu mbele ya watazamaji? Tulibishana juu yake njia nzima ya kurudi. Mimi naona kwamba kitu kilichotolewa kaburini kitazamwe kwa sauti ya chini, na atakayekionyesha aseme wazi kwamba kilikuwa cha marehemu, na kama alikuwa mtoto aseme hivyo. Zaidi ya hapo sina jibu.

Jioni ile nilimsimulia mdogo wangu habari hizi. Miaka sita iliyopita alizaa mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa. Mzee mmoja wa ukoo aliamua kwamba mtoto wa namna hiyo hafanyiwi kilio, mama asije akafunga tumbo. Wanaume wawili walimchukua alfajiri ndani ya kisanduku. Mama yake aliachwa nyumbani, na hakuna aliyemwambia amelazwa wapi. Watu walimwambia atazaa wengine. Amezaa wawili, na hakuna aliyewahi kumtaja yule wa kwanza mbele yake.

Aliniambia: «Yaya, nipeleke nivione.» Tulikwenda siku ya kazi, mahali palikuwa kimya. Alisimama mbele ya vile vidogo muda mrefu, akinyoosha vidole viwili hewani kana kwamba anavipima. Aliniuliza kama mfinyanzi alilipwa. Nikasema hakuna awezaye kujua. Akasema: «Hata bila malipo, alijua kwamba mtoto alikuwako.»

Juma lililofuata alikwenda kwa yule mzee, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akamwomba amwonyeshe kaburi. Alikwenda kwa heshima, amepiga magoti kama ipasavyo, wala hakumlaumu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akavaa viatu. Makaburini, mvua za misimu sita zilikuwa zimesawazisha kila kitu. Alionyesha kwa fimbo eneo lenye upana wa nyumba moja, akasema ni hapa, kati ya mwembe na njia, lakini zaidi ya hapo hakumbuki. Mdogo wangu alilizunguka eneo lile lote kwa miguu, polepole, na mzee akamngoja.

Orodha ya marehemu wa kuombewa tarehe 2 Novemba ilipofunguliwa parokiani, aliandikisha jina ambalo mwuguzi alimbatiza nalo mtoto wake. Karani akamwuliza umri wa marehemu, kama anavyowauliza wote. Akajibu: siku tisa. Karani akaandika.