Sanamu na Miguu Yenye Vumbi

Neno sanamu limebeba mzigo mzito katika Kiswahili. Umbo la shujaa lililosimamishwa mjini ni sanamu, na kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu ni sanamu vilevile. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni hiyo ya pili. Kwa Kiganda, lugha yetu ya nyumbani, picha ni ekifaananyi, yaani kitu kinachofanana na kingine.

Mimi nilikulia kati ya maneno haya mawili. Mama yangu ni mlokole, na sebuleni kwetu hapakuwa na picha ya mtakatifu yeyote. Bibi yangu mzaa baba ni Mkatoliki. Chumbani mwake picha ya Bikira Maria ilitundikwa juu ya kitanda, na rozari ikaning'inia kwenye msumari uo huo. Mama na mkwewe walipendana na kusaidiana shambani, lakini habari ya picha ile hawakuigusa. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma muhula mmoja Roma, mama aliniusia neno moja tu: "Mwanangu, usije ukasujudia sanamu huko."

Nilianza na majengo, kwa kuwa jengo halina uso. Pantheon ni hekalu lililojengwa upya wakati wa Kaisari Hadrian, likakamilika karibu mwaka 126. Kipenyo cha kuba lake ni mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni hicho hicho. Hakuna nondo ndani ya zege lile. Mafundi walichanganya zege na mawe mazito kwa chini, na kadiri walivyopanda wakatumia mawe mepesi zaidi, hadi juu kabisa wakaweka mawe ya volkano yenye vitundu. Tundu la katikati halina kioo. Mvua ikinyesha huingia, na maji hupotelea katika vitundu vya sakafuni. Mwaka 609 hekalu hilo liligeuzwa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Majengo mengi ya umri wake yalibomolewa, mawe yakaenda kujengea kwingine. Hili lilisalia kwa sababu watu waliendelea kuingia kusali.

Jina hilo la mashahidi lilinirudisha Uganda. Kanisa la Namugongo nalo ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya jadi ya Kiganda, na lina nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu huko huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964.

Kutoka Pantheon hadi kanisa la Sant'Agostino ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, nami nilijiona mweupe mara mbili: Mwafrika kati ya Wazungu, mlokole kati ya Wakatoliki. Upande wa kushoto, karibu na mlango, pana mchoro ambao Caravaggio aliuchora kati ya mwaka 1604 na 1606. Maria amesimama mlangoni pa nyumba ambayo ukuta wake umebanduka lipu. Amempakata mtoto mkubwa, na hana viatu. Mbele yake wamepiga magoti mahujaji wawili, mwanamume na bibi kizee mwenye kilemba kilichochakaa. Nyayo za yule mwanamume zimeelekezwa kwetu sisi watazamaji, nazo ni chafu. Giovanni Baglione, mchoraji mwenzake na hasimu wake, aliandika kwamba watu wa kawaida walizua kelele nyingi kwa sababu ya miguu ile na kilemba kile.

Mimi miguu ile niliifahamu. Kila mwaka bibi alitembea siku kadhaa kutoka Masaka hadi Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya tarehe 3 Juni. Akirudi, kazi ya kumkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi ilikuwa yangu. Nilijua jinsi vumbi jekundu linavyoingia katika nyufa za kisigino na kukataa kutoka. Hapo mbele ya altare nikakumbuka neno letu, ekifaananyi.

Hofu ya mama ina msingi. Makaisari wa Roma walijichongea sanamu, na watu wakatakiwa kuzifukizia ubani. Lakini mchoro ule umempa mtu asiye na kitu nafasi ya mbele kabisa. Niliporudi nyumbani na kadi yenye nakala yake, mama aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Miguu hii ni ya nani?" Nikamjibu ni ya mahujaji. Akasema, "Kama ya mama," akaichukua kadi na kumpelekea bibi chumbani mwake. Walikaa huko hadi chai ikapoa.

Bado nasali ninakosali, na sijapigia picha magoti. Ila kwetu sisi wanafunzi wa lugha, neno sanamu peke yake halitoshi kutuambia ni kitu gani kiko mbele yetu. Inafaa tuulize nani alikitengeneza, nani aligharamia, na nani hupiga magoti hapo. Mimi siku hizi huanza na huyo wa mwisho.