Gugu ni la Nani?

Majira ya kuchipua yalipofika mjini Leicester, baba mmoja mzaliwa wa Njombe alisimama nyuma ya nyumba yake na chupa ya dawa ya magugu mkononi. Dandelioni zilikuwa zimetapakaa uwanja mzima. Katika miaka yake ya ugenini alikuwa amejiaminisha kwamba mwenyeji anaweza kuachia kwekwe zikamea, lakini mgeni hana ruhusa hiyo.

Hata hivyo, uwanja ule ulikuwa na walaji. Binti yake wa miaka tisa alifuga simbilisi wawili, na kila alasiri isiyo ya mvua aliwatoa bandani wakale nyasi. Simbilisi hawezi kutapika. Sumu akishaimeza, imeingia. Tena mwili wake, kama wa binadamu, haujitengenezei vitamini C, hivyo majani mabichi kwake si anasa.

Mama yake baba huyo, aliyekuja kumtembelea mwanawe, aliinama akachuma jani la dandelioni na kulivunja. Utomvu mweupe ukachuruzika.

"Mwanangu, huu si mchunga huu? Unataka kuuua kwa nini?"

Hakukosea sana. Mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, yote michungu, yote huliwa. Huko kwao simbilisi walifugwa jikoni kwa ajili ya kitoweo, naye utotoni ndiye aliyewakatia majani. Aliomba kisu kikuukuu, akapiga magoti, akaanza kung'oa dandelioni pamoja na mizizi yake, maana udongo ulikuwa bado laini kwa mvua. Majani aliyaweka upande wa simbilisi.

Alipofika karibu na uzio, akaunyoshea mkono mmea mwingine. Mjukuu akamshika kiganja.

"Hapana Bibi, huo usiwape!"

Ulikuwa ragwoti. Sumu yake huharibu ini, wala haiishi mmea ukikauka. Ndiyo maana hata uliong'olewa hauachwi malishoni. Bunge la Uingereza liliutaja katika Sheria ya Magugu ya mwaka 1959. Bibi, aliyelisha simbilisi kabla mwanawe hajazaliwa, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Haya, nifundishe wa kwenu."

Tangu hapo kazi iligawanywa. Bibi alichimba dandelioni, na majani yakatolewa kidogo kidogo ili matumbo ya wanyama yazoee. Mjukuu alivaa glavu, akakusanya ragwoti na lile ua la manjano ling'aalo liitwalo batakapu katika mfuko wa peke yake. Baba alikata nyasi kwa mashine, lakini hakuwapa simbilisi mabaki yake, kwa kuwa nyasi za mashine huchacha upesi.

Ikabaki kazi moja ambayo ilikuwa ya baba peke yake. Dawa inayopulizwa huchukuliwa na upepo, nao uzio hauuzuii. Jumamosi moja alibisha hodi kwa jirani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie mtaa ule, akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba magugu yale ameyaacha kwa kusudi. Akaomba aarifiwe kabla ya dawa kupulizwa.

Jirani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama simbilisi wangependa na dandelioni za kwake.

"Umewahi kuzipulizia dawa?" baba aliuliza kabla ya kushukuru.