Maneno ya Solo 7 Kwenye Mabati

Wiki ya kwanza ya Januari 2008, Kibera nzima, hapa Nairobi, ilikuwa inaandika. Anayesoma ripoti za siku zile hukutana na moto na mapanga, na si uongo, lakini sisi tuliokuwa ndani tuliona pia chaki, makaa na brashi. Mwenye kibanda aliandika mlangoni kabila lake, au kabila la mwenye nyumba, au herufi za chama kilichokuwa na nguvu upande huo wa mtaa, ili kundi likipita usiku lisome na kuendelea na safari yake. Mwenye duka moja karibu na Olympic aliandika herufi zilizojaa mlango mzima hadi akakosa nafasi ya kufuli. Mama mmoja wa Kinubi upande wa Makina alitumia masizi ya jiko kwa kuwa hakuwa na rangi. Asiyejua kuandika alimtuma mtoto.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani. Kibanda changu kilikuwa kando ya reli, na Januari kwetu ndiyo mwezi wa mavuno: sare za shule, kaptula zinazotaka kupunguzwa, sketi za mitumba kutoka soko la Toi zinazotaka kubanwa kiuno. Mwaka huo shule zilichelewa kufunguliwa na Toi ilikuwa imeungua. Cherehani niliificha kwa jirani, chini ya magunia. Mabati, mbao na sakafu havikuwa vyangu. Mimi ni Mluhya, mwenye kibanda ni Mkikuyu, na wakati huo alikuwa amekimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri pamoja na jamaa zake. Sasa hapo mtu anaandika nini? Nikiandika kabila langu, nimesema kweli kuhusu cherehani na uongo kuhusu mabati. Nikiandika lake, nimekiteketeza kibanda mwenyewe.

Vijana walipita mchana wakauliza, "Mama, hii ni ya nani?"

"Ya cherehani," nikajibu.

Walicheka, wakapita. Lakini nilijua wa usiku hawatakuwa na nafasi ya kucheka.

Jinsi tulivyofika hapo inajulikana. Tulipiga kura ya urais tarehe 27 Desemba 2007, foleni zikianza kabla ya kupambazuka. Matokeo yakatangazwa jioni ya tarehe 30, na giza halijaingia sawasawa Mwai Kibaki alikuwa ameshaapishwa Ikulu. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, redio zikawa zinapiga nyimbo, na habari tukazipata kwa ujumbe wa simu, nyingine za kweli, nyingine za kumtia mtu kichaa. Raila Odinga, aliyeshindana na Kibaki, alikuwa mbunge wetu. Wakati huo Kibera ilikuwa ndani ya jimbo la Lang'ata. Watu waliona wameporwa kura. Baadaye tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima, ikafika 1,133, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Kwetu vijana waling'oa hata reli, ile iendayo Uganda. Niliwasikia wakigonga vyuma, na kwa mtu aliyeishi miaka yote akipima saa kwa treni, kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu.

Katikati ya hayo, asubuhi moja nilifika kibandani nikakuta mabati yameandikwa. Moyo ulipiga kabla macho hayajasoma, maana siku zile kuandikiwa kulikuwa sawa na kuhukumiwa. Herufi kubwa, za brashi, za Kiingereza: Peace Wanted Alive. Na chini yake jina, Solo 7. Kiingereza changu ni cha darasa la nane lakini kilitosha. Ilikuwa ile lugha ya polisi wakibandika picha ya jambazi, kwamba anatakiwa akiwa hai au maiti, ila safari hii anayetafutwa ni amani, na wanaomtafuta hawakubali maiti.

Nikatazama kwa kinyozi upande wa kulia: maneno yaleyale. Kushoto kwa muuza makaa: yaleyale. Ukuta wa choo, lango la kanisa, kibanda kilichoungua nusu kikabaki mbao za nyuma. Kwingine aliwaomba Wakenya wenzake wadumishe amani. Ukifuata njia ya reli ulisoma jambo lile lile kwa Mjaluo, kwa Mkamba, kwa Mnubi, kwa Mkikuyu aliyekimbia, kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Solo 7 ni Solomon Muyundo, mchoraji wa hapo hapo Kibera, mmoja wa wasanii wa kundi la Maasai Mbili. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, mafundi wa kuandika mabango waliokuwa wakizunguka mtaani kutafuta kazi wakiwa wamejifunga shuka za Kimaasai. Majina yenyewe yanakwambia hawakuwa Wamaasai. Watu wakawabatiza hivyo kwa mzaha, na jina likawakaa.

Kijana wa leo hajui uzito wa fundi wa mabango enzi hizo. Sasa bango linachapishwa kwa mashine mjini, linafungwa kwa kamba, na kila duka linafanana na la jirani. Zamani kila kitu kilichouzwa Kibera kiliandikwa kwa mkono: kikombe cha chai chenye mvuke mlangoni kwa hoteli, kuku aliyenona kuliko kuku yeyote aliyepata kupikwa humo ndani, vichwa vya wanaume walionyolewa mitindo ambayo kinyozi mwenyewe hakuiweza. Rangi ilikuwa ya mafuta, mkebe mdogo, na malipo yalikuja kidogo kidogo, pengine kwa sahani ya maharagwe. Tulizijua herufi zile kama mtu anavyojua mwandiko wa dada yake. Ndiyo maana nasema aliyeandika amani mtaani ilibidi awe fundi wa aina hiyo. Kama ingeletwa karatasi iliyochapishwa, yenye nembo ya serikali au ya shirika, ingechanwa kabla gundi haijakauka. Hizi zilikuwa herufi zilizotuuzia chai na mkaa miaka yote, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzichukia.

Nilimwona kazini mara moja tu, kwa mbali, ng'ambo ya reli. Mkebe mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Hakusimama kuangalia alichofanya. Aliandika kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa idadi ya herufi, ingawa hakuna aliyekuwa akimlipa, akasogea ukuta unaofuata. Wachoraji niliowajua hupenda kurudi nyuma hatua tatu, wafumbe jicho moja, waguse tena hapa na pale. Huyu hakuwa na nafasi hiyo. Nyuma yake upande wa Gatwekera kulikuwa na moshi wa matairi.

Msije mkadanganywa kwamba kila mtu alifurahi. Kinyozi jirani yangu alikasirika.

"Fundi, huyu anatuambia tunyamaze," aliniambia. "Tumeibiwa, halafu tunaambiwa amani. Haki iko wapi?"

Hoja yake ilikuwa na miguu, na nimeifikiria tena mara nyingi. Mwaka 2013 uchaguzi uliporudi, nyimbo za amani zilijaa redioni, matangazo yakalipiwa na wakubwa, na ilifika mahali mtu akiuliza swali kuhusu hesabu ya kura anatazamwa kana kwamba amewasha kiberiti. Amani ya namna hiyo siipendi. Lakini kuna tofauti kati ya anayekwambia dumisha amani akiwa ofisini Upper Hill na anayekwambia hivyo akiwa amesimama katika njia ile ile ambayo kundi litapita jioni, jina lake limeandikwa chini ya maneno, na nyumba yake inajulikana. Kinyozi naye hakufuta. Alinung'unika wiki nzima, brashi ya kunyolea mkononi, na maneno yakabaki.

Huulizwa kama rangi ilizuia moto. Wanafunzi wa chuo wakija na vinasa sauti ndilo swali lao la kwanza, nami huwaona wamevunjika moyo ninapowaambia sijui kibanda hata kimoja kilichosalimika kwa sababu ya Kiingereza. Kilichozima moto ni Kofi Annan na wale wazee waliofungiwa hoteli ya Serena mpaka mkataba ukasainiwa tarehe 28 Februari, ni askari wa GSU na vitoa machozi vyao, na ni njaa. Unga na mafuta ya taa vilipanda bei mpaka hata mwenye hasira akatafuta kibarua. Ila kuna jambo moja ambalo rangi ilifanya na sijaona likiandikwa. Ilituharibia ile biashara ya kuandikana. Lengo la kuandika mlango lilikuwa kuutenga na mlango wa pili, ili mpita njia achague. Milango yote ikishasema neno moja, hakuna cha kuchagua. Kwenye mstari wetu watu wakaanza kuona haya kuongeza kabila lao chini ya sentensi ile. Wengine walikuwa wameshaandika, na rangi ya Solo 7 ikawa juu, masizi na chaki chini, na mvua ya kwanza ikaondoa vya chini.

Wasanii wa Maasai Mbili hawakuishia kwenye kuta. Walikusanya watoto, wakawapa karatasi na rangi wachore waliyoyaona. Mwanangu alirudi na picha ya nyumba yenye madirisha manane. Tulikuwa tukiishi chumba kimoja kisicho na dirisha. Sikumuuliza kitu.

Mwaka uliofuata, 2009, alikuja Mfaransa aitwaye JR, msanii mkubwa duniani, akafunika mapaa yetu kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera, karibu mita za mraba 2,000. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni, hivi kwamba treni ikipita macho yalikutana na nusu ya chini ya nyuso zilizowekwa bondeni kando ya reli. Ilikuwa kazi ya kupendeza, na picha za mapaani zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo wengine wetu tulilala bila kuweka sufuria chini ya matone. Lakini picha ya paani huonwa na aliye juu au aliye mbali. Anayekaa chini ya paa hilo haioni. Solo 7 aliandika usawa wa macho ya mtu anayetembea na ndoo ya maji, na nadhani hilo linaeleza kwa nini wageni wanakumbuka yale macho na wenyeji wa mstari wetu wanakumbuka yale maneno. Kabla ya uchaguzi wa 2013, wachoraji wa Nairobi na vijana wa Kibera walipewa ruhusa na shirika la reli wakapaka treni ya abiria ujumbe wa amani. Treni hiyo ilipita juu ya reli ile iliyong'olewa miaka mitano kabla. Nilisimama kuitazama kama kila mtu.

Kibanda hakipo. Julai 2018 barabara mpya ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ilipasua Kibera katikati, na matingatinga yalibomoa nyumba, makanisa na shule, maelfu ya watu wakabaki nje. Kabla ya kubomoa walipita wakiweka alama ya msalaba kwenye kila kilichotakiwa kuondoka. Mistari miwili ya rangi, basi. Hawakuhitaji fundi.

Nimebakiza habari ya mwenye kibanda. Alirudi baada ya wakubwa kusaini mkataba, asubuhi ya siku ya soko, na mpwa wake, mfukoni daftari la kodi. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimerudisha cherehani, nashona. Hakusalimia kwanza. Alizunguka kibanda, akagusa pembe, akahesabu mabati kwa kidole, kisha akasimama mbele.

"Ni nani amechafua mabati yangu?"

Nikamweleza.

"Bila ruhusa?"

"Mzee, angekutafuta Jamhuri?"

Akatazama kwa kinyozi, akatazama kwa muuza makaa, akaona ni hivyo hivyo hadi kwenye kona. Akamtuma mpwa wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuuliza bei ya mkebe wa rangi ya mafuta. Kijana aliporudi na jibu, mzee alisonya na kusema aliyeandika ndiye atakayekuja kufuta. Kisha akavuta kiti cha wateja, akakaa, akafungua daftari, akaniambia ninadaiwa Januari, Februari na Machi. Nikamwambia Januari sikushona hata kifungo. Akasema mabati hayajui kama ulishona au hukushona. Tukabishana mpaka adhuhuri, kinyozi akija kila mara kuniunga mkono, na mwishowe mzee akakubali miezi miwili, akatoa na bei ya kufuli niliyonunua mwenyewe.