Pikapu Mbele ya Nyumba: Mamlaka ya Majirani Marekani na Afrika Mashariki

Katika viunga vingi vya miji ya Marekani, mtu aliyenunua nyumba kwa fedha zake na kukabidhiwa hati yenye jina lake anaweza kuandikiwa barua ya onyo, na baadaye kutozwa faini, kwa sababu pikapu yake imelala nje mbele ya mlango wake. Anayemwandikia si polisi wala halmashauri ya mji, bali ni jumuiya ya wamiliki wa nyumba, yaani chombo binafsi kinachoanzishwa na kampuni iliyopima na kujenga mtaa, ambacho kila mnunuzi huwa mwanachama wake siku anapotia saini, apende asipende. Wamarekani zaidi ya milioni 70 wanaishi chini ya vyombo vya namna hii, na miongoni mwao wamo Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia viunga vya Houston na Dallas, ambao wamelelewa katika mazingira ambamo mwenye nyumba ndiye msemaji wa mwisho ndani ya ua wake.

Chanzo cha nguvu za jumuiya hizi huonekana wazi zaidi Houston, mji mkubwa usio na sheria ya jumla ya kutenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda, kwa kuwa wapiga kura wake waliikataa mwaka 1948, mwaka 1962 na tena mwaka 1993. Pengo hilo limezibwa na masharti ya hati, yaani makatazo na wajibu unaosajiliwa katika ofisi ya kaunti kwa viwanja vya mtaa mzima, ambao haumfungi mnunuzi wa kwanza peke yake bali huifuata ardhi, hata anayeinunua miaka 40 baadaye hukuta ameshafungwa nao. Masharti hayo hutaja rangi ya kuta, urefu wa nyasi, mahali pa kuweka pipa la taka na aina ya magari yanayoruhusiwa kuonekana kutoka barabarani. Asiyelipa ada ya jumuiya huona nyumba yake ikishikiliwa kama dhamana ya deni, na deni likikaa, nyumba yenyewe inaweza kupigwa mnada. Ni baada ya malalamiko ya watu waliopoteza nyumba za thamani kubwa kwa madeni madogo ndipo bunge la Texas lilipotunga sheria mwaka 2001, ambayo humpa mwenye nyumba siku 180 za kuikomboa baada ya mnada na kukataza nyumba kuuzwa kwa sababu ya faini peke yake.

Ugomvi wa pikapu una historia yake. Mwanzoni mwa mwaka 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, ikijibu ushuru ambao nchi za Ulaya zilikuwa zimewawekea kuku wa Marekani, na ushuru huo, ambao haujaondolewa, uliwakinga watengenezaji wa ndani dhidi ya pikapu ndogo za kigeni. Baadaye kanuni za matumizi ya mafuta zilizotokana na sheria ya mwaka 1975 ziliyalegezea masharti magari ya mizigo kuliko magari ya abiria, na kwa hiyo kuunda pikapu kubwa kukawa na faida kubwa. Leo Ford F-150 ya milango minne inakaribia mita 6 kwa urefu, na aina nyingine inapita hapo, wakati banda la gari la nyumba ya kawaida lina kina kisichozidi sana mita 6. Mwenye gari anaamriwa alifiche ndani ya banda lisiloweza kulimeza.

Hata hivyo, ukubwa haukuwa sababu ya kwanza. Masharti mengi yaliandikwa wakati pikapu ilipohesabiwa kuwa chombo cha fundi na kibarua, na aliyeyaandika alitaka mtaa usionekane kuwa wa watu wanaofanya kazi za mikono. Mji wa Coral Gables, Florida, ulikuwa na katazo kama hilo katika sheria zake wenyewe mpaka wapiga kura walipolilegeza mwaka 2012, na tangu Julai 2024 sheria ya Florida inazizuia jumuiya kukataza pikapu ya mwenye nyumba kuegeshwa mahali anapostahili kuegesha. Ikumbukwe kwamba masharti ya hati yaliwahi kutumiwa kwa ubaya zaidi: kwa miongo mingi yalikataza nyumba kuuzwa kwa watu weusi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo. Kukataza mtaani gari lenye ngazi na ndoo za rangi ni kumkataa mwenye gari hilo kwa njia ya heshima bandia, na bunge la Florida lilifanya haki kuliondoa katazo hilo.

Nyumbani Afrika Mashariki, pikapu haina aibu hiyo. Hilux ya kabini mbili ni gari la mkuu wa wilaya na la mnunuzi wa mazao, na kirikuu, ile Suzuki ndogo inayobeba mchanga, magodoro na mizigo ya harusi, hulala mbele ya nyumba ya mwenyewe bila kuulizwa na mtu. Lakini uhuru huo una upande wake mchungu. Jirani anapofungua gereji bubu kando ya chumba cha wagonjwa, anapojenga juu ya mtaro, au anapotapisha choo mvua kubwa inaponyesha, yaani anapoyaachia maji machafu yachukuliwe na mvua mpaka kwenye milango ya wenzake, wenye kuumia huenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata. Kila mmoja ana maneno mazuri ya kusuluhisha, na mara nyingi suluhu ya ana kwa ana huponya mengi ambayo barua ya wakili ingeyachochea. Ila pale jirani anapokuwa na fedha au mjomba serikalini, suluhu hiyo haimfikii. Mchango wa ulinzi shirikishi nao hukusanywa mlango kwa mlango, wapo wanaotoa kila mwezi na wapo wasiotoa kabisa, na hesabu yake ni nadra kubandikwa ukutani.

Hapo ndipo jumuiya za Marekani zina jambo la kufundisha. Houston ni mji wa mafuriko, na katika mitaa mingi jumuiya ndiyo inayomiliki na kusafisha mabwawa ya kuzuia maji ya mvua kwa ada ambayo kila nyumba inailipa, tajiri na asiye tajiri, chini ya bajeti ambayo mwanachama ana haki ya kuikagua. Mtaa wa Sinza au Tabata, Dar es Salaam, ambao kila nyumba ingechangia mtaro wake kwa utaratibu wenye hesabu za wazi usingesubiri greda la halmashauri.

Sheria za kufanya hivyo, angalau kwa majengo ya pamoja, zipo tayari. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, na Kenya ilipitisha yake mpya mwaka 2020. Zote mbili zinawaweka wamiliki wa jengo katika chombo kimoja chenye kanuni. Wakati huohuo mitaa yenye geti moja inaongezeka Nairobi, Kiambu na Dar es Salaam, na wanunuzi wengi ni ndugu walioko ughaibuni wanaotuma malipo kwa awamu kabla hawajaiona nyumba. Kanuni za mitaa hiyo zinaandikwa sasa, na anayeziandika ni mjenzi. Mnunuzi aombe nakala ya kanuni kabla ya kulipa awamu ya kwanza, aangalie ada inaamuliwa na nani na hesabu zinasomwa wapi, na akikuta kifungu kinachomzuia fundi kulaza gari lake la kazi nyumbani kwake, adai kifutwe kabla ya kutia saini.