Nyasi za Baba

Baba alifanya kazi miaka 26 katika klabu moja ya Nairobi, na kazi yake ilikuwa nyasi. Si bustani yote, wala si uwanja wa gofu. Ni mraba mmoja tu, karibu mita 40 kila upande, alioukata alfajiri, akaupitishia rola, kisha akapiga magoti kung'oa kwa mkono kila jani lisilotakiwa. Wenye klabu walichezea hapo mchezo wa kubingirisha matufe. Baba aliuita bolsi, nasi nyumbani tukauita hivyo hivyo. Kwa miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakubingirisha tufe hata moja.

Wakati wa likizo alinichukua kazini. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya kibanda cha mashine, nikiwatazama wanawake waliovaa nyeupe wakiinama kana kwamba wanaokota kitu. Nilipokuwa na miaka tisa, tufe moja lilisimama karibu nami, nikaingia uwanjani kulichukua. Mama mmoja akamwita Baba. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba watoto wa wafanyakazi wasikanyage nyasi. Baba aliomba msamaha mara mbili, mara ya pili akiwa amevua kofia. Nilikuwa sina viatu, na nyayo zangu hazikuacha hata alama. Tangu siku hiyo niliuchukia mchezo ule, na kwa muda fulani, naona haya kusema, nilimchukia Baba pia.

Tarehe 2 Agosti 2022 ilikuwa imebaki wiki moja tupige kura. Kawangware nzima ilikuwa vipaza sauti. Baba alikuwa akiishi nami tangu kiharusi kilipompooza mkono wa kulia. Jioni hiyo nilikuwa nikipekua simu, nikitafuta habari za wakimbiaji wetu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, nikakutana na kichwa cha habari: wanawake wanne wa India wameshinda dhahabu ya bolsi. Nilikisoma kwa sauti bila kufikiri.

"Nionyeshe," Baba akasema.

Tukaitazama fainali ile kwenye simu iliyopasuka kioo, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Ilichezwa Leamington Spa, India dhidi ya Afrika Kusini. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Baba akieleza kazi ya watu aliowakatia nyasi. Tufe, aliniambia, lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na halikuchongwa likawa duara kamili. Linapopungua mwendo hupinda. Kwa hiyo anayelilenga moja kwa moja kwenye jeki, kile kitufe kidogo, amekwisha kosa. Katika timu ya wanne kila mmoja ana matufe mawili. Wa kwanza huanza, nahodha humaliza, na wa tatu ndiye anayepima wakati macho hayawezi kuamua nani yuko karibu zaidi.

"Huyo wa tatu ni nani?" akauliza.

Nikatafuta. Aliitwa Nayanmoni Saikia, kutoka jimbo la Assam, mwenye umri wa miaka 33. Alianza maisha ya michezo akinyanyua vyuma, mpaka jeraha likamzuia, akageukia bolsi, na sasa alikuwa ameicheza kwa zaidi ya miaka kumi. Wenzake walikuwa Lovely Choubey, askari polisi aliyekuwa mkimbiaji; Pinki Singh, mwalimu wa michezo huko Delhi; na nahodha Rupa Rani Tirkey, ofisa wa michezo katika jimbo la Jharkhand. Kabla ya siku hiyo India haikuwa imepata medali yoyote ya bolsi katika michezo hiyo.

Baba alikaa kimya, kisha akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kama kiharusi kilivyomruhusu.

"Polisi na mwalimu," akasema. "Na wamekanyaga."

Katika nusu fainali walikuwa wametanguliwa 5-0 na New Zealand, wakashinda 16-13. Kwenye fainali waliongoza, Afrika Kusini wakawafikia, ikawa 10-10. Tulishajua mshindi, lakini Baba alinishika mkono na hakuuachia mpaka ilipofika 17-10.

Video ilipoisha alinituma jikoni nilete avokado.

"Si duara kamili," alieleza. Akaniamuru niweke kichupa cha chumvi karibu na mlango. Kwa mkono wa kushoto, akiwa ameketi kwenye kiti chake, aliinama na kuliachia lile avokado kwenye sakafu ya saruji. Lilikwenda pembeni, likayumba, likapinda taratibu, likasimama. Akatupa la pili. Nililiona la kwanza liko karibu zaidi. Yeye akasema la pili.

"Basi pima. Wewe ndiye wa tatu."

Nilifungua kamba ya kiatu changu, nikapiga magoti sakafuni jinsi yeye alivyokuwa akipiga uwanjani, nikapima. Lilikuwa la pili. Tulicheza mpaka yakapondeka, tukayala kwa mkate.

Novemba mwaka huo nilimsomea kwamba India imempa Nayanmoni tuzo ya Arjuna, tuzo ya taifa ya wanamichezo. Alifurahi sana. Aliniambia niisome tena, na mara hii polepole.

"Na yule aliyekata nyasi za Leamington Spa," akauliza, "wamempa nini?"

Sikuwa na la kujibu. Alingoja kidogo, kisha akaniuliza kama avokado bado yapo.